Kibao Kilichokuwa Juu ya Moto wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kibao changu hakipo. Kilikuwa kwenye uchaga wa jikoni kwa mama, kijijini Matulo, juu ya moto, miaka tisa kasoro miezi mitano. Mara ya mwisho kukishika ni Desemba 28. Jana saa sita na nusu mchana nilipanda juu ya ndoo, nikanyoosha mkono, nikashika masizi.

Sentimita 95 kwa 22 kwa 6.5. Mringaringa, ule tunaouita mukumari. Hakuna ufa, hakuna fukusi. Moshi ulikuwa umekikausha polepole, kazi ambayo mabati ya karakana yangu hapa Kitale hayawezi. Hapa mbao zinapasuka kwa mwezi.

Wafula, kaka yangu, alipata ekari tatu na nusu. Mimi nilipewa mti. Baba alinionyesha kwa fimbo, akasema huo ni wa Nasimiyu, msiuguse. Kwetu msichana hapewi shamba. Sheria inasema vingine, lakini sikutaka kumshtaki ndugu yangu kwa sababu ya udongo. Baba alipokufa wakaukata mti wangu wiki ileile: jeneza, na kuni za wazee waliokesha. Niliomba kipande kimoja cha shina. Hicho ndicho urithi wangu wote wa Matulo. Ndicho kinachosema na mimi nilizaliwa pale.

Mama amekonda tena. Rosa, mke wa Wafula, alikaa mlangoni saa zote mbili nilizokuwa pale. Hakwenda hata kuteka maji. Nikamuuliza kibao kiko wapi.

"Sijui, mulamwa," akasema, yaani wifi. "Labda panya."

Panya wa kubeba kilo sita. Nimeendesha mpaka Kitale bila kufungua redio.

Leo nimefungua saa moja na nusu kama kawaida. Nimenoa patasi nne. Nimekata miguu ya viti kumi na viwili vya shule. Kazi ya bunduki, ambayo kibao kilikuwa chake, imelala.

Jumanne, 4 Machi

Niandike hesabu, nipate kutulia.

Bunduki ya Daktari isizidi gramu 2,800 ikiwa kamili. Mtutu, mashine na darubini ni 2,150. Mimi nimebakiziwa 650 za mti wote, kuanzia kitako cha begani mpaka mbele chini ya mtutu. Mti wa kawaida wa bunduki unapita kilo moja.

Daktari ni wa mifugo, amestaafu, miaka 71. Ametibu ng'ombe wa nusu ya Trans-Nzoia. Bega la kulia limepasuliwa mara mbili. Mwisho wa mwezi anakwenda milima ya Ethiopia kuwinda, ana vibali vyote. Hapa kwetu kuwinda ni jela. Anasema kule unapanda siku nne kabla ya kuona mnyama, na ukifika mita elfu nne kila gramu inakuwa jiwe. Chuma chenyewe kiko Nairobi kwenye duka lenye leseni, sijawahi kulala nacho nyumba moja. Ninachofanyia kazi ni pacha wa aluminiamu, asiye na tundu, aliyechongwa na Ngeywo wa mashine ya chuma hapa jirani. Hata mtoto hawezi kujidhuru naye.

Mzeituni wa mlimani: mzuri, mgumu, lakini kitako kilekile kitatoka 1,100. Podo: mwepesi, lakini shingoni unavunjika kama biskuti. Mringaringa uliokauka sawasawa: 640, kwa mkono wangu. Ndiyo maana nilimwambia Daktari ndiyo. Nilikuwa nimeshakipigia hesabu kibao kile kabla hajamaliza kuongea.

Nimemtumia Wafula ujumbe. Ameusoma saa tatu na dakika kumi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu podo. Saa kumi na moja za kazi. Nilipofika shingoni, pale mkono unaposhika, nikabana kwenye jiriwa kidogo tu. Ta. Umekatika safi, kama umepigwa panga.

Ngeywo alisikia kutoka kwake. Akaja, akaokota vipande viwili, akavipanga begani.

"Mama Bunduki, hii sasa ni ya kuwinda nani? Kuku?"

"Toka hapa."

"Si nauliza tu, bana. Kuku naye ana haki yake."

Nilicheka. Halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Wafula amepiga saa nane. Ameuliza mvua. Ameuliza jino langu. Amenieleza habari za choo cha shule kilichobomoka. Dakika tisa. Nikamkatiza, kibao je? Akasema, "Hicho kitu, dada, tutaangalia." Hakusema kibao. Alisema hicho kitu. Nimemjua miaka hamsini na mbili, na huwa anaita vitu kwa majina yake.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari amekuja na kofia yake ya zamani. Nimempa kitako cha majaribio cha mbao za masanduku, apime urefu. Ameweka begani, amefumba macho, amefumbua. Nimeona kwamba inabidi nikate milimita tisa nyuma. Shingo ya kizee imefupika.

Alikagua vipande vya podo. Hakulaumu.

"Nasimiyu, ukiona imekuwa ngumu, uniambie mapema. Kuna za plastiki. Zinaletwa kwa siku kumi."

"Sijasema imekuwa ngumu."

"Sijakukasirisha?"

"Hapana, Daktari."

Amenikasirisha sana. Nilianza kwa kufagia vumbi la msumeno kwenye kiwanda cha mbao hapa Kitale. Miaka ishirini na sita iliyopita. Nikajifunza randa kwa kuiba kwa macho, kwa sababu mafundi walisema mkono wa mwanamke unatia jasho kwenye mbao. Hakuna aliyeniachia karakana. Hakuna aliyenipa hata nyundo. Sasa niambiwe plastiki, kwa sababu mtu wa nyumbani kwetu ameshindwa kufungua mdomo.

Ngeywo anasema nitafute viti vya zamani. Watu wa Bungoma walikuwa wakichonga mringaringa kabla ya plastiki kuja. Ni kweli. Jumatatu nitakwenda Misikhu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata mti. Nimepata na kitu kingine.

Misikhu sokoni, nyuma ya wanaouza dagaa, kuna mama anauza vitu vikuukuu: milango, vinu, mizinga. Alikuwa na benchi. Mbao moja nzima ya mringaringa, mita moja na nusu, unene sentimita saba, nyeusi kwa moshi. Anasema ilikaliwa na wanywa busaa tangu mume wake akiwa na meno yote. Nimeigonga kwa kifundo cha kidole. Imelia kavu. Nikatoa mizani yangu ya ndoano nikaipima mbele yake.

Alinitazama nikiandika namba kwenye kitabu. Alikuwa mcheshi sana mpaka hapo.

"Wewe unapima viti?"

"Napima mbao."

"Mutu wa wapi wewe?"

"Kitale. Lakini kwetu ni Matulo."

Akaangalia mizani. Akaangalia kitabu. Akapiga kofi moja, halafu mikono ikabaki hewani.

"Woi. Si ni wewe ule senge wa kibao?"

Senge ni shangazi. Nikamwambia ndiyo, mimi ni senge, na nilikuwa na kibao, umekisikia wapi? Akaanza kufunga leso vizuri, akitafuta njia ya kurudi nyuma. Nikamwambia mama, sitatoka hapa. Akasema yeye hakuwepo, ameambiwa tu, dada yake anasali kanisa moja na Rosa. Halafu akasema yote, kama mtu anayemwaga maji machafu haraka asijirushie.

Rosa alikiona Januari akitoa masizi. Kibao kimefichwa juu ya moto wa mama. Kimefungwa kwa kipande cha leso ya mama. Kimechorwa namba kwa msumari, na namba zinashuka. Akachukua kadi ya kliniki ya mama akalinganisha. Mama alikuwa kilo 74 alipoanza kuugua. 74 imo kwenye kibao. Sasa mama ni 61. Namba ya mwisho kwenye kibao ni 61.

Wakaita watu wa maombi. Wafula mwenyewe alishika shoka. Wakakipasua uani, wakakichoma, mama ameketishwa kwenye kiti aone. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari.

"Lakini pia wewe," yule mama akaniambia, sasa kwa huruma, "nguo ya mzazi unafungia nini huko juu?"

Nimelipia benchi. Amenisaidia kulibeba mpaka kwenye pikapu, ameshika upande wake kwa mikono miwili. Angalau huyo hakuniogopa.

Jumanne, 11 Machi

Sikufungua.

Namba zile ni uzito wa kibao. Kila Desemba nilikishusha, nikakining'iniza kwenye mizani, nikakwaruza. Kwa gramu mia mia, yaani 61 ni kilo sita na gramu mia moja, kwa sababu kukwaruza mringaringa kwa msumari si kazi ya kuandika barua. 97, 83, 74, 69, 66, 63, 62, 61, 61. Mbao ikirudia namba mara mbili, imekauka. Basi. Fundi yeyote angesoma.

Lakini Rosa si fundi. Namba tisa kati ya 61 na 97. Mtu mzima anayekonda hawezi kukosa kukutana na moja. Mama amekutana na mbili. Hiyo ni bahati mbaya, si uchawi. Naweza kuieleza kwa dakika mbili. Hakuna aliyeniomba hizo dakika mbili.

Leso. Hapo nina kosa, na niliandike. Kamba ya katani panya wanakata. Mama alikuwa na leso iliyochakaa, ya njano, anapangusia sufuria. Nikachana upande. Mama aliniona nikichana! Alisema chukua tu. Sikufikiri. Mimi mtoto wa Matulo, niliyekua nikiambiwa kila siku usiache nguo yako ovyo, usiache nywele, usiache kucha. Nikafunga nguo ya mama yangu kwenye mti wenye alama nikaiweka gizani juu ya moto wake. Ningekuta mtu mwingine amemfanyia mama hivyo, ningefikiri nini?

Ningempigia simu. Ningeuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda Kanduyi. Siku za kazi Wafula anakaa huko, ana duka la misumari na mabati karibu na barabara. Kaunta safi, kalenda ya kanisa ukutani. Alininyanyukia. Alinipa kiti, akatuma soda. Soda yangu ilikuja imefungwa, akaniachia kifungulio nifungue mwenyewe. Zamani angefungua.

Nikamweleza namba zote tisa. Nikaziandika kwenye karatasi yake ya risiti. Nikamweleza mbao inavyotoa maji. Akaangalia karatasi kama mwalimu, maana alikuwa mwalimu, na hesabu alinifundisha yeye, kwa mawe, kwenye uwanja wa nyumbani. Alielewa. Nilimwona anaelewa.

"Sasa umeelewa?"

"Hesabu yako iko sawa, dada. Hesabu haijawahi kukushinda."

"Kwa hivyo?"

"Mambo ya kanisa yana njia yake. Watu waliona kitu, wakaomba. Mama alilala vizuri ule usiku."

"Wewe uliona nini?"

Akaingia mteja wa mabati. Akamhudumia dakika ishirini na tano. Akampimia misumari mwenyewe, na ana mfanyakazi. Aliporudi akaniuliza kama nitakula samaki.

Nimeuliza tena. Akasema, "Wacha muda upite." Nimeuliza mara ya tatu. Akasema Rosa ana presha. Nimeacha soda haijafunguliwa. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi na wangu pia.

Anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Rosa anaogopa, naweza kumsamehe mtu anayeogopa. Wafula anajua hesabu.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi. Bila kazi nitaugua.

Nimepasua benchi Ijumaa. Sentimita kumi na nane za mwisho zilikuwa na misumari ya zamani, nimezikata. Katikati ni safi, rangi ya asali chini ya masizi. Nyuzi zinapanda kidogo zikielekea mbele, kama zinavyotakiwa, ili shingo isikatike. Nimechora umbo, nimekata nje kwa msumeno wa mkanda, nimechimba kitanda cha pacha wa aluminiamu kwa patasi ya milimita sita. Nampaka masizi ya mshumaa, namlaza, namtoa, pale penye weusi napunguza. Namlaza, namtoa. Mara 140 jana na leo. Nimehesabu.

Uzito sasa 1,015. Bado 365 za kuondoa.

Ngeywo alikuja na chai. Hakutania. Nilimweleza wiki iliyopita, kwa sababu aliniuliza kwa nini nimefunga siku nzima. Yeye ni mtu wa mlimani, kwao Kapsokwony, na kwao pia wanajua mambo ya nguo. Akasema, "Kwetu ungeitwa kikaoni. Ungesema, na wao wangesema. Hata kama ni vibaya, mtu anaambiwa usoni." Akachukua vikombe akaenda.

Usoni. Ndiyo neno.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi 702. Nimetoboa mashimo manane nyuma, ndani ya kitako, yatakayofunikwa na mpira wa begani. 671. Nimepunguza mbele, pande mbili, mpaka mbao ikabaki milimita saba. 655. Hapo mtu mwingine angeacha. Nimechonga mbavu za ndani ya kitanda pale ambapo chuma hakigusi. Msasa, namba 240, halafu 400. 648.

Nimeubana shingoni kwenye jiriwa, zaidi ya nilivyobana podo. Haukulia.

Mafuta ya kitani, mkono mmoja, mwembamba. Umetoka mzuri. Ni mti mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza, na nautazama kama wa mtu mwingine. Nilidhani nikifika 650 nitajisikia kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Daktari amechukua kitako chake. Alikipakata kama kuku wa zawadi.

"Hiki nacho hakina uzito, Nasimiyu! Umeniwekea hewa."

Alikuwa amevaa kofia ileile na viatu vipya vya milimani, anavizoesha miguu. Aliniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikasema vumbi. Akasema daktari wa ng'ombe hadanganywi, ng'ombe nao husema vumbi. Nilitaka kumweleza. Sikumweleza. Ni mteja.

Anakipeleka Nairobi mwenyewe, mafundi wa duka wakifunge.

Jumamosi, 22 Machi

Daktari amepiga saa tano. 2,798. Alizisoma moja moja. Mwenye duka amemuuliza ni nani aliyechonga, na ana wateja wawili wengine. Nimesema sawa, nitaangalia.

Nimekwenda kununua unga wa wimbi, kilo nne, uliosagwa na muhogo kidogo, mama anaupenda mwepesi. Kesho nakwenda nyumbani. Sitauliza habari za kibao. Nakwenda kumwona mama.

Jumapili, 23 Machi

Nilifika saa saba na robo. Walikuwa wametoka kanisani. Rosa alikutana nami langoni, bado amevaa nguo nyeupe. Hakufungua lango lote. Alifungua kipimo cha mtu mmoja na akasimama hapohapo.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikampa unga. Akapokea, kwa vidole, akauweka chini kwenye nyasi, nje ya lango. Si ndani.

"Mayi amerara, mulamwa. Asiamshwe."

Halafu mama akaita kutoka ndani. Sauti yake, ile ya kukwaruza.

"Nani yuko hapo?"

Rosa akageuza kichwa.

"Ni mutu wa mboga, mayi!"

Nilikuwa mita kumi na mbili kutoka mlangoni kwa mama yangu. Kinywa changu kilikuwa kimefunguka. Neno lilikuwa moja tu, jina langu. Sikulisema. Niliogopa nikilisema, atanyamaza. Nikaogopa kwamba alishaketishwa kwenye kiti akaona moto, na amekubali. Bora nibaki muuza mboga kuliko kusikia mama ananyamaza.

Wafula alikuwa nyuma ya nyumba. Niliona shati lake. Alikuwa anaosha gari. Alizima maji ya mpira, akasikiliza, akafungua maji tena.

Nimerudi Kitale. Unga umebaki kwenye nyasi.

Jumatatu, 24 Machi

Viti vya shule. Kumi na viwili vimekwisha. Kimoja kinatikisika, nimekirudia.

Nimemwaza Wafula siku nzima. Si Rosa, si wachungaji. Rosa hakuzaliwa na mimi. Wafula alinibeba mgongoni mto Kuywa ulipojaa. Nimekuwa nikimdai anieleze kilichotokea, na kilichotokea nakijua tayari, nakijua mpaka siku na shoka. Nimekuwa nikiuliza swali ambalo anaweza kulijibu kwa samaki na presha ya mke wake.

Liko swali moja tu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Ya kwanza ya mwaka, ndogo, bila radi. Wote wa barabara hii wameingiza mbao ndani. Mimi pia. Halafu nimekaa mlangoni, nimetazama maji yakitoka kwenye mfereji wa bati la Ngeywo. Sina hasira leo. Imeondoka tu, kama homa.

Nimeandika ujumbe kwenye simu mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, una ekari tatu na nusu ndani yake, una miaka ishirini na sita. Nimeufuta. Wa pili ulikuwa wa kumtukana Rosa. Nimeufuta. Wa tatu nimeutuma saa tisa alasiri, na nauandika na hapa, ili nisije nikabadilisha maneno baadaye:

Kaka Wafula. Kibao kimekwisha, sikidai. Hesabu nilikuonyesha na ulielewa. Sasa nijibu hili peke yake. Wewe, si Rosa, si kanisa: unaamini nilitaka kumuua mama? Usinipigie kuniuliza mvua. Usiniambie muda upite. Kama ni ndiyo, andika ndiyo, na sitasimama tena kwenye lango lako. Kama ni la, andika la, na Jumapili umwambie mama kwa mdomo wako kwamba mtu wa mboga alikuwa mimi. Nakupa mpaka Jumamosi saa kumi jioni. Neno moja, kaka. Ndiyo au la?